Kompyuta Inapozimia

Ilizima tena saa nane na robo mchana, katikati ya neno. Nakumbuka hata neno lenyewe lilikuwa "akasimama". Nilikuwa nimefika "akasi", mara skrini nyeusi, feni kimya, na chumba kizima kikabaki na mlio wa mabati yakialika kwa jua la Februari hapa Tandika. Mhusika wangu, kondakta wa daladala aliyekuwa anataka kusimama amjibu bosi wake, akabaki amekaa.

Msomaji mpenzi, najua kurasa hizi umezizoea kwa hadithi na mashairi, na mimi mwenyewe humu huwa naleta vipande vya riwaya yangu isiyokwisha. Leo univumilie. Leo naleta historia, tena historia ya joto. Si joto la mapenzi, la hasha! Ni lile joto linalokaa ndani ya boksi la kompyuta, ambalo lilinila sura tatu za riwaya na fedha za dada yangu, na mimi sikujua hata jina lake.

Kompyuta yenyewe ni ya kurithi. Mjomba alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Duka lilipokufa yeye akabaki na madeni, mimi nikabaki na kompyuta. Ni Pentium 4 ya gigahezi 3, ya mwaka 2004, iliyoletwa nchini ikiwa mtumba baada ya kuchoshwa na ofisi za watu huko Ulaya. Mimi na yeye tumepishana mwaka mmoja tu. Washkaji wa kijiweni wakiiona wanacheka mpaka wanashika mbavu, maana siku hizi kila mtu ana laptopu nyembamba kama daftari, na hii yangu ni boksi la kubebwa na watu wawili. Lakini inaandika, bwana. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, hana kazi, na ana riwaya kichwani, mashine inayoandika inatosha kabisa.

Ilipoanza kuzima yenyewe nilimpelekea fundi. Jina lake na mahali alipo nayaweka kapuni. Aliitazama dakika mbili akasema, "Hii ina kirusi." Akafuta kila kitu, akaweka Windows upya, bila hata kuniuliza kama mle ndani kuna kitu cha mtu. Sura ya saba, ya nane na ya tisa zikaenda na maji. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimebeba boksi kichwani, na sikumwambia mtu yeyote. Wiki haikuisha, ikazima tena. Fundi wa pili akasema pawasaplai imekufa. Nikamkopa dada, tukanunua nyingine. Ikazima tena! Hapo nikaamini kwamba nimerithi kimeo, na kwamba Mungu hataki niwe mwandishi.

Aliyenitoa gizani ni jirani yetu, mzee mmoja fundi wa mafriji, tunayemwita Baba Shani. Alinikuta nimekaa kizingitini nimejiinamia.

"Shikamoo, Baba Shani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo sisikii mashine yako?"

Nikamweleza. Akatua mkoba wake wa vifaa, akaniuliza maswali matatu tu. Asubuhi inakaa muda gani kabla ya kuzima? Nikasema karibu saa nzima. Na mchana? Dakika ishirini. Na ukiiwasha palepale baada ya kuzima? Nikafikiri kidogo, nikasema hata dakika tano haimalizi.

Mzee akacheka. "Basi hiyo haina kirusi, ina homa. Kirusi hakijui asubuhi na mchana."

Maneno yale yaliniingia. Kabla hatujaifungua nilikaa siku tatu nikisoma juu ya homa hiyo, kwenye simu ya dada na katika vitabu vya maktaba, maana mimi kitu nisichokijua chanzo chake siwezi kukishika. Niliyoyakuta ni makubwa kuliko nilivyotegemea.

Kwanza lazima ulielewe jambo moja. Umeme ukiingia kwenye feni ya dari, unasukuma mapanga. Ukiingia kwenye mashine ya kusaga, unga unatoka. Lakini umeme unaoingia kwenye prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, hausukumi kitu wala hausagi kitu. Hesabu haina uzito. Karibu wote unaishia kuwa joto. Wati 89 zikiingia, wati 89 lazima zitafute njia ya kutoka, na njia hiyo ikiziba, joto linapanda. Kwa hiyo joto siyo ugonjwa wa kompyuta. Joto ni jasho lake la kazi, na historia ya kompyuta ukiisoma kwa jicho hilo ni historia ya watu kutafuta mahali pa kulimwaga.

Mwezi Februari 1946, mjini Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwaonyesha waandishi wa habari mashine iitwayo ENIAC. Walioibuni ni John Mauchly na J. Presper Eckert. Ilijaza ukumbi, uzito wake takriban tani 30, na ndani ilikuwa na valvu karibu 18,000. Wazee waliowahi kuwa na redio za zamani wanazijua valvu. Ni vichupa vya kioo vyenye waya unaowaka mwekundu ndani. Unawasha redio, unasubiri ipate moto ndipo iseme. Sasa wewe chukua vichupa 18,000 uvikusanye chumba kimoja. Mashine ile ilikula takriban wati 150,000, sawa na pasi za umeme 150 zikiwaka kwa pamoja, na ilibidi ifungiwe mapangaboi yake ya kupuliza hewa mchana na usiku.

Eckert alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, umri kama wetu, na wakubwa wengi walimwambia kitu kile hakiwezekani, kwamba valvu zitakuwa zinaungua moja baada ya nyingine na mashine haitamaliza hesabu hata moja. Alichofanya ni ujanja wa mtu mwenye subira: alizipa valvu umeme pungufu kuliko ule zilioandikiwa na kiwanda, ili zisichemke sana na ziishi zaidi. Na walijifunza kutoizima ovyo, kwa sababu valvu nyingi zilikufa wakati ule wa kuwasha na kuzima, zinapopata moto na kupoa ghafla. Kisha kuna jambo lililonifanya niweke simu chini nikatazame lile boksi langu pale mezani. Kila kabati la ENIAC liliwekewa kifaa cha kupima joto, na joto likipita kiwango, kifaa kile kinakata umeme. Yaani kompyuta ile kongwe kabisa tayari ilikuwa inajua kuzimia. Waliijengea tabia hiyo makusudi, ili isife.

Mwishoni mwa mwaka 1947 wataalamu wa Bell Labs, Marekani, wakapata transista, kidude kidogo kinachofanya kazi ya valvu bila ule waya mwekundu. Kumbe mambo ni hayo! Watu wakashusha pumzi. Transista moja inatoa joto dogo hata kidole hakilisikii. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ikatoa chipu yake iitwayo 4004 yenye transista 2,300 juu ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa mtoto, na haikuhitaji feni wala nini.

Ndipo ikaja ile ninayoiita zama ya ubaridi, miaka ya kompyuta za nyumbani zilizokaa juu ya meza kimya kama redio. Aliyeupenda ukimya huo kupita wote ni Bwana Steve Jobs wa Apple. Hakutaka feni. Aliona kelele ya feni inaivunjia mashine heshima. Mwaka 1977, kwa ajili ya Apple II, mhandisi Rod Holt alimtengenezea pawasaplai ya namna mpya, nyepesi na isiyochemka kama zile za kawaida, na kompyuta ile ikakaa bila feni na ikafanikiwa sana. Sasa mtu akifanikiwa mara moja anadhani amepata sheria ya Musa. Mwaka 1980 ikaja Apple III, nayo bila feni. Boksi lake la aluminiamu ndilo lilitegemewa kumwaga joto. Ndani vipande vilikuwa vimebanana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mashine zikaanza kuleta vituko, na chipu zilionekana zikijinyanyua kwenye vishikio vyake. Tiba iliyotolewa kwa wateja, msomaji, si utani: inyanyue kompyuta inchi chache juu ya meza, kisha iachie ianguke, chipu zirudi mahali pake! Maelfu ya mashine za kwanza ilibidi zibadilishwe, na Apple III haikupata kuisafisha sifa yake. Hata hivyo Macintosh ya mwaka 1984 ikaja tena bila feni, watu wakaibandika jina la kibaniko cha mkate.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kina tabia ya binadamu ndani yake. Joto halikujali ladha ya mtu. Jobs angeweza kumfokea mhandisi, lakini wati huwezi kuifokea.

Hapa niseme kidogo juu ya kwetu, maana kuna jambo la kusikitisha. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mahesabu ya serikali kwa mashine kwenda mrama, ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini zama ya ubaridi, ile ya mashine tulivu zisizo na feni, ilitupita pembeni. Baba yangu hajawahi kuiona Apple II. Kompyuta zilipoanza kumiminika kwetu kwa wingi, mpya na mitumba, zilikuwa tayari zimeshaanza kuunguza.

Zilianzaje kuunguza? Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na feni moja tu, ya pawasaplai. Prosesa yake ya 8088 ilikaa uchi, haina kofia. Mwaka 1992 Intel ikaleta 486DX2 ya megahezi 66, na hiyo ikahitaji kuvishwa kipande cha chuma chenye mapezi mengi membamba, kile mafundi wanachokiita hitisinki. Kazi ya mapezi ni kuongeza eneo la kugusana na hewa. Mwaka 1993 Pentium ya kwanza ikaja na transista milioni 3.1, ikila volti 5 na kutoa joto la karibu wati 16, na juu ya hitisinki ikabandikwa feni. Tangu siku hiyo uhai wa kompyuta ya nyumbani ukategemea kidude cha plastiki kinachozunguka, na kitu chochote kinachozunguka kinavuta vumbi, na mwisho kinachoka. Ukiishi mtaa wenye barabara ya vumbi kama wetu, umeshanielewa.

Lakini swali lililonisumbua ni hili. Kama transista inazidi kupunguzwa, kwa nini joto lisipungue nalo? Jibu lina mtu wake. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM pamoja na wenzake walieleza kanuni iliyowalisha watengenezaji wa chipu kwa miaka thelathini. Ukipunguza ukubwa wa transista, punguza na volti kwa kiasi hichohicho. Hapo utaweza kuzibananisha nyingi zaidi mahali palepale, na joto la mahali hapo lisiongezeke. Ni kama kuambiwa uongeze wapangaji chumbani bila chumba kuwa na joto, mradi kila mpangaji awe mdogo zaidi na ale kidogo zaidi. Ilifanya kazi. Shida ni kwamba volti haiwezi kupunguzwa bila mwisho. Ikishuka sana, transista haifungi vizuri tena, inavuja umeme hata ikiwa imezimwa, kama koki ya uani iliyochoka ambayo ukiifunga namna gani bado inadondosha. Na kuvuja huko kuna ubaya mmoja wa ajabu: kadiri chipu inavyopata joto ndivyo inavyovuja zaidi, na kadiri inavyovuja ndivyo inavyopata joto. Deni linazaa deni.

Watu wenyewe waliliona likija. Februari 2001, kwenye mkutano wa wataalamu wa chipu mjini San Francisco, Pat Gelsinger wa Intel alisimama akasema kwamba mwendo ukibaki uleule, chipu za mwaka 2005 zitakuwa na joto, kwa kila kipande cha eneo, kama la kinu cha nyuklia, na za mwaka 2015 zitakaribia uso wa jua. Mtu wa kampuni ileile iliyokuwa inatangaza gigahezi kama sabuni! Mwaka huohuo, Septemba, waandishi wa Tom's Hardware walifanya jaribio ambalo mpaka leo mafundi wanalisimulia. Waliwasha kompyuta, zikiwa zinacheza mchezo, wakazing'oa hitisinki. Pentium 4 ikapunguza mwendo, ikajikokota, lakini ikaishi. Prosesa mbili za AMD zilizojaribiwa siku hiyo hazikuwa na kinga ya kutosha: zikatoa moshi, zikafa palepale.

Mimi niliposoma hapo ndipo nilipoanza kuionea huruma mashine yangu. Maana Pentium 4 ina vipimajoto ndani ya chipu yenyewe. Joto likipanda, inaanza kujipumzisha kwa vipande vidogo vidogo vya sekunde, inafanya kazi, inapumzika, inafanya kazi. Wewe mwenye kutumia unaona herufi zinachelewa kutokea, unasema ina kirusi. Joto likizidi kupanda, inakata kila kitu. Nilikumbuka zile herufi zilizokuwa zinanifuata kwa kuchechemea wiki nzima kabla ya kuzima. Ilikuwa inaniambia, nami nikaipeleka kwa mtu akaifuta kumbukumbu.

Tena yangu ni ya uzao mbaya. Februari 2004 Intel ilitoa Pentium 4 za aina iliyoitwa kwa jina la ndani Prescott. Zilikuwa na transista milioni 125 kwenye silikoni ya milimita za mraba 112, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kila mtu alitegemea zitakuwa baridi kuliko zilizotangulia, maana transista zake zilikuwa ndogo zaidi. Zikawa kinyume. Kanuni ya Dennard ilikuwa imefika mwisho wa kamba, umeme ukavuja, na ile ya gigahezi 3 kama yangu ikatoa hadi wati 89. Piga hesabu mwenyewe: pasi ya umeme ya wati 1,000 inasambaza joto lake kwenye bamba la ukubwa wa kiganja na zaidi, hii inazitoa zake 89 kwenye ukucha. Kwa kila sentimita, prosesa inaishinda pasi mara nyingi. Pasi tunaiogopa, tunawakataza watoto wasiisogelee. Prosesa tunaifungia kwenye boksi na kuisahau miaka ishirini.

Intel walikuwa wameahidi Pentium 4 ya gigahezi 4. Mei 2004 wakaufuta mradi wa prosesa ambayo ingeirithi Prescott, na Oktoba wakaifuta na ile ya gigahezi 4. Mwezi huohuo, huko Orlando, mkurugenzi wao mkuu Craig Barrett alipiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba radhi. Alifanya kwa utani, watu wakacheka, lakini magoti ni magoti. Mbio za gigahezi zilikoma hapo. Mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wahandisi wa Haifa, Israeli, waliokuwa wanatengeneza prosesa za laptopu na kwa hiyo walizoea kubana matumizi ya umeme. Walio pembeni, waliopewa kazi ya vitu vidogo visivyo na sifa, ndio waliookoa jahazi. Chipu mbili za mwendo wa wastani zikashinda moja inayokimbia huku inaungua. Ndiyo maana hata simu yako ya leo ina prosesa nyingi ndani, na ndiyo maana ukiiacha juani inapunguza mwanga na kuanza kuvuta miguu. Haina feni, kilichobaki kwake ni kwenda taratibu.

Basi Jumamosi tukaifungua, mimi na Baba Shani, juu ya mkeka. Kabla ya kuchomoa nyaya tuliiwasha kwanza, tukabonyeza kitufe cha kuingia kwenye bayosi, ile kurasa ya bluu inayotokea kabla ya Windows, mahali panapoonyesha hali ya vyombo. Prosesa: nyuzi 84, na hapo haifanyi kazi yoyote. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi, inalia kama inachinjwa. Mzee akasema, "Feni nzima. Hewa haipiti."

Tukachomoa umeme, tukafungua ubavu wa boksi. Ukiitazama feni kwa juu huoni kitu. Lakini tulipoifungua feni, chini yake, juu ya mapezi ya hitisinki, kulikuwa na blanketi. Sisemi vumbi, nasema blanketi: kijivu, zito, limeshikana na nywele na nyuzi za karatasi za duka la mjomba, unaweza kulinyanyua zima kwa vidole viwili. Miaka yote feni ilikuwa inapuliza juu ya godoro. Mafundi wawili waliokula hela zangu hawakuwahi kulifunua. Nilikasirika mpaka machozi yakanilengalenga, na mzee akajifanya hajaona.

Hapo tulifanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Kati ya prosesa na hitisinki kuna dawa nyeupe kama dawa ya meno, inayoziba vinyweleo ili joto lipite vizuri. Ya kwetu ilikuwa imekauka ikawa saruji. Mashine ilikuwa imeshapoa, nami nikavuta hitisinki moja kwa moja kwenda juu. Ikatoka, na prosesa ikatoka nayo, imeng'olewa kwenye kishikio chake, vipini vyake 478 viko hewani kama manyoya ya nungunungu! Viwili vilikuwa vimepinda. Moyo ulisimama. Baadaye ndipo niliposoma kwamba kwa prosesa za aina hii unatakiwa uiwashe mashine dakika chache dawa ilainike, uzime, kisha uizungushe hitisinki kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinyanyua. Mzee alivaa miwani, akachukua sindano ya kushonea ya mkewe, akavinyoosha vipini viwili vile kwa muda wa robo saa bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeshika tochi na sikupumua.

Tukakwangua dawa ya zamani kwa kipande cha kadi ya vocha, tukafuta kwa spiriti na kitambaa safi. Dawa mpya niliipata Kariakoo kwenye kibomba kidogo, nikataka kuipaka yote kama siagi, mzee akanizuia mkono. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Ikizidi, yenyewe inakuwa blanketi jingine. Mapezi tukayasugua kwa brashi ya rangi, tukaizuia feni kwa kijiti isizunguke tulipoipuliza. Boksi tukalihamisha kutoka kwenye kona ya kabati, ambako nilikuwa nimelichomeka ili lisionekane na wageni, tukaliweka mbali na ukuta kiasi cha viganja viwili.

Tukawasha. Kwa sekunde tatu hakuna kitu. Halafu ikalia ule mlio wake mfupi. Bayosi: nyuzi 57.

Baba Shani hakutaka hela. Alisema nikimaliza kitabu nimwandikie fundi friji mmoja ndani yake, ila asiwe mlevi, maana kwenye hadithi mafundi wote ni walevi.

Sasa naandika kuanzia saa tatu usiku, mabati yakishapoa, na kila nikimaliza ukurasa naunakili kwa mkono kwenye kaunta buku, kwa sababu imani yangu kwa mashine ina mipaka. Mama analalamika feni inamnyima usingizi. Sura ya saba nimeiandika upya. Si ile ya kwanza, ile sitaipata tena. Katika hii kondakta amesimama tangu mstari wa pili, na bosi wake ndiye aliyekaa.